NYUMBA NA AFYA: Pumzi ya Mgonjwa wa Mafigo



Mwezi huu twapenda kusema habari ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu, wala si mbele ya mwenyewe: nalo ni harufu ya kinywa. Huenda wengine watauliza, Je, jambo kama hili lafaa kuandikwa katika gazeti la nyumba za Wakristo? Twajibu, Lafaa sana, kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa kwa ajili yake, na kosa letu lilimwumiza ndugu asiye na hatia.

Hapa Usinge, penye reli iendayo Kigoma, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mkulima, mtu wa nyumba njema. Hatutamtaja jina, ingawa mjane wake ametupa ruhusa tuandike habari zake. Mzee huyu alikuwa ameacha pombe tangu siku ya ubatizo wake, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka siku ya Jumapili. Ikawa mwaka mmoja, baada ya mavuno, watu wakaanza kusema kwamba pumzi yake imegeuka. Waliokaa naye benchi moja wakasogea kidogo kidogo, hata akabaki peke yake penye nafasi ya watu watatu. Wengine wakasema, "Ameirudia gongo." Wengine wakasema, "Hasafishi kinywa." Sisi, pamoja na wazee wengine, tukamwita, tukamwuliza. Akajibu neno moja tu, "Sijanywa." Wala hatukumsadiki. Tukamwondolea kikapu cha sadaka, tukamwambia atengeneze mwenendo wake kwanza.

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Mtu aliyezoea kula na wajukuu wake katika sahani moja alianza kula peke yake, kisha akawa hali ila kidogo. Alisema ugali una ladha ya chuma. Fizi zake zilitoka damu, na jino moja lilimwuma usiku, akawa ananunua vidonge vya maumivu dukani, leo viwili, kesho vitatu, kwa muda wa miezi, pasipo kumwuliza mtu. Mwishowe miguu ikavimba hata viatu havikuingia, na kila asubuhi akawa anatapika. Mpwawe, ambaye ni mwalimu wa shule, alipokuja likizo alimtazama mara moja tu, akampandisha treni kwenda Tabora.

Huko walimpima shinikizo la damu, wakapima mkojo, wakapima damu. Mafigo yake yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa sehemu kubwa, na shinikizo la damu lilikuwa juu, pengine kwa miaka mingi, naye hakujua. Ile harufu tuliyoiita gongo ilikuwa ni uchafu wa mwili wake mwenyewe, ambao mafigo hayakuweza tena kuutoa.

Tulipopata habari hizi tulikwenda kumwomba radhi. Akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi nilidhani ni dhambi yangu." Neno hili halijatutoka moyoni. Ndilo lililotufanya tuwaulize waganga wa hospitali na kusoma, ili asiwepo mwingine katika nyumba zenu atakayehukumiwa kama tulivyomhukumu yeye.

KAZI YA MAFIGO

Mungu amempa mtu mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu mzima. Yamewekwa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, wapata milioni moja, na damu yote ya mwili hupita humo mara nyingi kila siku. Kama vile mama achekechavyo unga, chenga zikabaki juu na unga mzuri ukashuka, ndivyo mafigo yatengavyo kilicho chema na kilicho taka. Kwa siku moja huchuja maji yapatayo lita 180, nayo huyarudisha mwilini karibu yote. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Tena mafigo hupima chumvi na maji ya mwili, husaidia kutawala shinikizo la damu, na husaidia mwili kutengeneza damu mpya na mifupa yenye nguvu.

Lakini mafigo ni mtumishi asiyelalamika. Hufanya kazi hata yakiwa yamepungukiwa sana na nguvu, na mwenye nayo hasikii maumivu. Ndiyo maana wengi hujua wakati ambapo kazi imebaki kidogo mno. Katika mwaka 2015 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa Moshi, mkoani Kilimanjaro. Iligunduliwa kwamba katika kila watu wazima 100, wapata saba walikuwa na ugonjwa wa mafigo wa muda mrefu. Mjini walikuwa wengi kuliko shambani. Walio wengi miongoni mwao hawakujua kuwa ni wagonjwa.

Mtu wa kwanza aliyeeleza vema ugonjwa huu alikuwa mganga Mwingereza, Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, mwaka 1827. Yeye aliutia mkojo wa wagonjwa wenye kuvimba katika kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa, naye aliona ukiganda kama ute wa yai. Huo ute ulikuwa chakula cha mwili kilichopotea kwa kupita katika vichujio vilivyotoboka. Siku hizi mshumaa hauhitajiwi. Kijikaratasi cha kupimia huchovywa katika mkojo, na baada ya dakika chache jibu hupatikana.

KWA NINI KINYWA HUNUKA

Tukila nyama, samaki, maharagwe au karanga, mwili hutumia chakula hicho, na taka yake moja huitwa urea. Mafigo yakiwa mazima, urea hutoka kwa mkojo. Yakishindwa, hujaa katika damu, na kutoka katika damu huingia katika mate. Sasa, kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, na baadhi yao huivunja urea ikawa amonia. Amonia ndiyo ile harufu kali inayopanda puani ukiingia penye mkojo wa siku nyingi. Basi mgonjwa hutoa harufu hiyo kinywani, na ulimi wake huonja chuma, hata chakula kizuri humchukiza.

Wala si harufu peke yake. Mate hupungua na kinywa hukauka, kwa kuwa wengi wao wameagizwa kunywa maji kwa kipimo, na kwa kuwa baadhi ya dawa hukausha kinywa. Fizi huwa nyeupe kwa upungufu wa damu, na hutoka damu upesi zikiguswa. Ugaga huganda juu ya meno kwa wingi. Wengine hupata vidonda ulimini na ndani ya mashavu. Tena ziko dawa za shinikizo la damu ambazo kwa watu wengine huzivimbisha fizi. Mtu akiona hivyo asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana shinikizo la damu litapanda na mafigo yatazidi kuumia; aende akamwambie daktari, aibadili ikiwa yafaa.

SI KILA HARUFU NI UGONJWA WA MAFIGO

Hapa tuseme wazi, ili tusiwatie watu hofu bure. Harufu ya kinywa kwa walio wengi hutoka kinywani mwenyewe: mabaki ya chakula kati ya meno, utando juu ya ulimi, jino lililooza, fizi zenye ugonjwa. Katika mkoa wetu wa Tabora, ambao watu wengi hulima tumbaku, twajua pia kwamba mvutaji hukausha kinywa chake na kuziharibu fizi zake. Naye aelewe kwamba moshi ule ule huidhuru mishipa ya damu ya mafigo. Basi mtu asafishe kinywa chake vema kwanza, na jino bovu litibiwe.

Lakini ikiwa kinywa kimesafishwa na harufu kama ya mkojo haiondoki. Au ikiwa pamoja nayo mtu huvimba uso asubuhi na miguu jioni, au mkojo una povu lisilokwisha, au huchoka pasipo kazi, huwashwa mwili mzima, hutapika, au huamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, huyo asikawie. Aende akapimwe shinikizo la damu, mkojo na damu. Nao wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, wenye virusi vya Ukimwi, na wale ambao ndugu zao waliugua mafigo, wapimwe kila mwaka hata wakijiona wazima. Tena mtu mwenye kisukari, pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, huku akitapika au akipumua kwa nguvu, apelekwe hospitali siku ile ile. Hiyo ni hatari nyingine, nayo huua upesi.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, meno yasuguliwe mara mbili kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Asiye na mswaki wa duka atumie wa mti, lakini autafune ncha yake mpaka ilainike, asije akachoma fizi. Mchanga na mkaa visitumike, maana hulikwangua jino likabaki bila ngao yake. Fizi zikitoka damu kidogo, watu husema, "Tuache kusugua." Sivyo. Zisuguliwe kwa upole, kwa kuwa uchafu ulioachwa ndio uzidishao damu. Damu ikiwa nyingi au isikome, mgonjwa aende hospitali.

Pili, ulimi nao usafishwe kwa upole toka nyuma kuja mbele, maana utando wake ni maskani ya vijidudu.

Tatu, mgonjwa aliyepimiwa maji asukutue kinywa kwa maji baridi mara kwa mara, kisha ateme. Hivyo kinywa hupata unyevu wala kipimo chake hakizidi. Mwenye vidonda aweza kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, naye ateme, asimeze.

Nne, chumvi ipunguzwe chunguni. Babu zetu walipita nchi hii katika misafara ya Tabora na Ujiji, na chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000, ilikuwa mali ya kubebwa begani. Hatuidharau. Lakini mtu mzima yafaa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, humvimbisha mgonjwa, na humtia kiu asichoruhusiwa kukata. Samaki wa chumvi walowekwe, maji yake yamwagwe, ndipo wapikwe.

Tano, habari ya chakula. Majirani wengi humwamuru mgonjwa, Usile hiki, usile kile, hata akakonda kwa njaa. Ni kweli kwamba wagonjwa wengine hukatazwa vyakula fulani, lakini makatazo hutegemea vipimo vya damu ya kila mmoja. Amsikilize aliyempima.

JINO LIKIUMA

Sehemu hii twaomba isomwe kwa sauti nyumbani. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa madukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, huyapunguzia mafigo damu. Kwa mtu mzima wa afya kidonge cha siku moja au mbili huenda kisimdhuru. Lakini kwa mwenye mafigo dhaifu, au shinikizo la damu, au anayevitumia mwezi baada ya mwezi, vyaweza kumalizia kilichobaki. Waganga hawakutuambia kwamba mzee wetu aliugua kwa sababu ya vidonge peke yake. Walisema shinikizo la damu lilianza kazi, na vidonge vikaisaidia. Kwa kawaida parasetamoli, kwa kipimo chake, ndiyo iliyo salama zaidi kwa wagonjwa hawa. Hata hivyo dawa ya maumivu haiponyi jino. Jino lahitaji mkono wa daktari wa meno. Dawa za miti zisizojulikana kipimo nazo zaweza kuyaumiza mafigo.

Na mgonjwa wa mafigo akienda kwa daktari wa meno, neno lake la kwanza liwe hili: "Nina ugonjwa wa mafigo, na dawa ninazotumia ni hizi." Maana dawa nyingine hupunguzwa kipimo kwa ajili yake. Anayesafishwa damu kwa mashine hupewa dawa ya kuizuia damu isigande. Kwa hiyo huwa bora kung'oa jino siku isiyo ya mashine, kwa kawaida siku inayofuata.

Mashine hiyo ilibuniwa na mganga wa Uholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, wakati wa vita. Wagonjwa wengi huihitaji mara tatu kila juma, yapata saa nne kila mara. Kupandikiza figo kulifanyika Tanzania kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Muhimbili, Novemba 2017, na mwaka 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza pia. Kabla ya kupandikizwa, kinywa cha mgonjwa huchunguzwa, kwa sababu dawa za kulilinda figo jipya huwapunguza nguvu askari wa mwili, na usaha uliojificha chini ya jino waweza kumwua. Basi mtu asidhani ya kuwa kinywa ni jambo dogo.

NENO KWA WALIMU

Ninyi mnaokaa na watoto kila siku mna macho kuliko wengi. Mtoto akija shuleni amevimba uso asubuhi, au akisema mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, hasa baada ya vidonda vya ngozi au maumivu ya koo, mpelekeni yeye na mzazi wake zahanati siku ile ile. Akikojoa damu, huenda ni kichocho, ambacho kisipotibiwa chaweza kuziba njia za mkojo na kuyaharibu mafigo. Na mtoto mwenye kunuka kinywa asichekwe darasani. Mwiteni kando, mmwulize kwa upole.

NENO KWA MAKANISA

Ugonjwa wa mafigo hauambukizwi kwa pumzi, wala kwa kikombe, wala kwa kula sahani moja. Kusogea mbali na mgonjwa hakumlindi mtu na kitu cho chote. Humwua mwenzake moyo tu. Someni sura ya 19 ya kitabu cha Ayubu. Mtu yule wa haki, katika kuhesabu taabu zake, hakusahau kutaja pumzi yake, jinsi ilivyomtenga na mkewe. Tazameni pia jinsi rafiki zake walivyomtafutia dhambi, kumbe hawakujua neno. Sisi tuliisoma habari hiyo mara nyingi kanisani, tena tukaihubiri, na alipokuja Ayubu wetu hatukumtambua.

Basi ukisikia harufu kwa ndugu yako, usimwambie jirani. Mwambie yeye mwenyewe, mkiwa wawili, kwa maneno haya au mfano wake: "Ndugu, naona pumzi yako imebadilika siku hizi. Je, u mzima? Twende pamoja tukapime." Neno hilo ni la dakika moja. Lau tungalilisema wakati wa mavuno, pengine mzee wetu angalifika Tabora miezi minne mapema.

Mzee huyo alihamia mjini kwa binti yake, apate kuwa karibu na mashine. Muuguzi mmoja mwanamke alimfundisha mkewe kumsafisha kinywa kwa mswaki laini, na kwa kitambaa safi chenye maji siku zile fizi zilipouma. Damu ilipokuwa ikisafishwa na kinywa kikitunzwa, harufu ikapungua sana na ladha ya chuma ikamtoka. Mkewe alitusimulia jinsi siku moja alivyoomba ugali na mlenda, akawaita wajukuu, wakala wote katika sahani moja kama zamani. Alisema, "Siku ile nilijua mume wangu amerudi, hata kama si kwa muda mrefu."

Haikuwa kwa muda mrefu. Aliishi miezi kumi. Alipokuja kutusalimu Usinge mara ya mwisho tulimrudishia kikapu cha sadaka mbele ya watu wote, tukatamka kosa letu kwa vinywa vyetu. Hakuwa na nguvu za kupita katika mabenchi, basi alikaa nacho magotini, nao watu wakainuka mmoja mmoja, wakaja kwake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika habari za shinikizo la damu na jinsi ya kulipima. Mpaka hapo, kila nyumba ipime afya ya wazee wake, wala mtu asikae peke yake benchini.

Wasalaam.